Waliotoroka Mchana Kweupe

Walikutana sokoni Ballarò, hapa Palermo, Jumamosi, watu wamebanana na wauza samaki wakiimba bei kwa sauti za kupasua masikio. Mkono wa mwanamke na mkono wa mwanamume, yote miwili juu ya fungu moja la shamari, la mwisho.

"Nimelishika mimi, Bwana," alisema Ninfa.

"Umeshika majani, Bibi. Shina ninalo mimi."

"Na mwanamume anajua nini kuhusu shamari?"

"Mgane hujifunza."

Ninfa alikuwa fundi cherehani, mjane, amevaa nyeusi tangu mumewe azikwe. Liborio alikuwa dereva wa basi mstaafu. Waligawana lile fungu, wakapeana namba za simu, na kabla majira ya joto hayajaisha mtaa mzima ulijua. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Mkali kuliko wote alikuwa Loredana, binti wa Liborio. Baba ana wajukuu wa kupeleka shule, ana picha ya marehemu mama ukutani, mapenzi ya nini tena? "Utatufanya tuchekwe na wakwe zangu," alimwambia. Kana kwamba mtu akistaafu hukabidhi na moyo pamoja na funguo za basi. Ng'ombe hazeeki maini, lakini nenda kawaambie watoto.

Basi wakaamua kutoroka. Kwetu Palermo si jambo geni: vijana wakikataliwa hutoroka, wakalala nje usiku mmoja, na kesho yake wazazi hawana la kufanya ila kumwita padri na kupika karamu.

"Treni ya kwenda Cefalù, kule pwani, ni ya jioni," Liborio alisema. "Mchana tufanye nini?"

"Unitembeze. Nimezaliwa mji huu na sijawahi kupanda paa la kanisa kuu. Marehemu alikuwa akisema hayo ni ya wageni."

"Basi Jumapili na sisi ni wageni."

Jumapili Ninfa alitoka na gauni jekundu alilojishonea mwenyewe, viatu vya visigino, midomo imepakwa rangi. Alipita chini ya roshani za majirani polepole, makusudi. Bibi Tanina akapiga ishara ya msalaba.

"Usiniombee mimi," Ninfa akamwambia. "Omba upate wako."

Walipanda ngazi nyembamba za kanisa kuu, Liborio akihema, mpaka wakatokea juu, mji wote wa vigae vyekundu chini yao na bahari kwa mbali.

"Maisha yangu yote nimepitisha basi hapo chini," alisema. "Sikujua huku juu kuna upepo namna hii."

"Sasa unajua. Pumua, usinifie kabla ya chakula."

"Nikifa ni kwa ajili ya gauni hilo, pumzi yangu."

Walipofika kwenye ile chemchemi ya sanamu za watu uchi, tunayoiita Chemchemi ya Aibu, Ninfa alimwomba mtalii mmoja awapige picha, akambusu Liborio mdomoni. Liborio aliona haya na raha kwa pamoja.

Mchana walikaa mkahawani, wakaletewa tambi za dagaa na divai nyeupe baridi. Simu ikalia. Liborio alipoona jina, sauti yake ikabadilika.

"Ndiyo, binti yangu... Niko kwa Mimmo, tunacheza karata... Peke yetu, nani mwingine?... Jioni nitakuwa nyumbani."

Ninfa aliweka uma chini.

"Ninfa, nimesema tu asituharibie siku."

"Mimi nimevua nyeusi mbele ya mtaa mzima. Wewe umenificha chini ya meza kama mfupa wa mbwa."

"Kesho nitamwambia, kipenzi."

"Kesho ni ya mwoga. Endelea kucheza karata."

Akachukua mkoba wake akaondoka, visigino vikilia barabarani. Liborio alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena, mpaka jua likaanza kushuka.

"Unataka nini?" hatimaye Ninfa alipokea.

"Uko wapi?"

"Via Maqueda, kwenye matembezi. Kila mtu ananiona. Wewe huku huwezi kufika."

Akakata. Na kweli, Liborio aliogopa. Jumapili jioni watu wote hutembea mtaa ule wakiwa na nguo zao nzuri, na nani kashikana mkono na nani ni habari kabla ya chakula cha usiku. Tena Loredana huwa pale na wakwe zake, nje ya duka la aiskrimu. Aliogopa, lakini alikwenda.

Aliliona gauni jekundu katikati ya umati. Akapenya kati ya watu, akamshika Ninfa mkono.

"Toa mkono."

"Sitoi."

"Binti yako yule pale."

"Namwona."

Akamwongoza moja kwa moja hadi kwenye meza ya binti yake. Loredana alisimama, kijiko mkononi.

"Baba, si ulikuwa kwa Mimmo?"

"Nilikudanganya. Huyu ni Ninfa. Leo silali nyumbani, tumetoroka."

Mama mkwe alipaliwa na aiskrimu.

"Wanaotoroka ni watoto, Baba," Loredana alisema kwa sauti ya chini. "Na hujificha."

"Hujificha kwa sababu wana wazazi wa kuwakataza. Wa kwetu tumeshawazika wote, binti yangu. Amebaki nani wa kutukataza?"

Loredana akaketi. Watu walikuwa wamesimama kusikiliza, hata muuza aiskrimu.

"Sijasema nimekubali kutoroshwa na mwongo," Ninfa akasema.

"Basi nakuuliza hapa hapa. Utaolewa na mimi?"

Ninfa alimtazama, kisha akainua uso kuelekea roshani za juu, ambako vichwa vilikuwa vimeanza kuchungulia.

"Uliza tena, kwa sauti. Wa ghorofa ya tatu hawajasikia."

Liborio akavuta pumzi, akarudia. Mtaa mzima ulisikia, na Ninfa akajibu kwa sauti kubwa kuliko yake.