Mitiki Haiuzwi kwa Kuhesabu

Kila asubuhi Sabaha alifagia uwanja wake huko Marambo, wilayani Nachingwea. Alifagia akiwa ameupa mgongo upande wa jirani yake, Dorotea, mama yake Fidelis. Hakutaka kuliona bati jipya la jirani.

Tuseme ukweli tu. Sabaha alikuwa na wivu. 

Familia hizi mbili zilipanda mitiki, miti ya mbao, mwaka mmoja, miaka kumi na sita iliyopita. Dorotea alipanda miti sitini. Sabaha na mumewe, Hassani, walipanda mia na ishirini. Sasa Dorotea alikuwa ameuza miti ishirini tu, na nyumba yake imeezekwa bati. Nyumba ya Sabaha bado ilikuwa ya nyasi, na ilivuja.

"Baba Zulfa, hivi wewe huoni aibu?" Sabaha alimwambia mumewe. "Watu wa kuja wana bati, sisi wenyeji tunakinga maji kwa sufuria!"

"Tukamuulize aliuzaje," Hassani alisema.

"Nimuulize mama Fidelis? Bora nife! Miti yetu ni mara mbili ya yake. Basi na hela itakuwa mara mbili."

Huko kwao hesabu ni hiyo. Ukitaka kujua uwezo wa mtu, unauliza ana mikorosho mingapi. Sabaha aliihesabu mitiki vivyo hivyo.

Wiki hiyo alipita mnunuzi wa mbao kwa pikipiki. Jina lake Silvanus. Alizunguka shamba, akagongagonga miti kwa panga.

"Kila mti elfu ishirini," alisema. "Nachukua hamsini, nachagua mwenyewe. Jumamosi nakuja na msumeno wa mashine."

"Hamsini kwa elfu ishirini, hiyo ni milioni!" Sabaha alisema. "Njoo uchukue."

Hassani alikuna kichwa.

Milioni moja! Sabaha hakuweza kukaa na habari hiyo. Alivuka uwanja kwenda kwa Dorotea, mara ya kwanza tangu bati lile lipande. Hakwenda kuomba ushauri. Alikwenda kuringa.

"Mama Fidelis, na sisi tunaezeka. Nimeuza miti hamsini. Milioni nzima!"

Dorotea ni fundi wa kushona. Aliacha kukanyaga cherehani.

"Umeuza kwa kipimo gani?"

"Kipimo gani tena? Kwa mti. Elfu ishirini kila mmoja."

"Na anachagua yeye?"

"Anachagua yeye."

"Mama Zulfa, umeliwa."

Uso wa Sabaha uliwaka moto. "Wivu tu huo!"

Dorotea aliinamisha kichwa. "Ni kweli, nina wivu," alisema. "Kila nikipita shambani kwenu naihesabu miti yenu. Najua namna ya kuuza, ila sikukuambia. Niliona mtanizidi. Shetani alinipitia, nisamehe."

 Muda wote huo Sabaha alidhani mwenye wivu ni yeye peke yake.

Dorotea alileta sufuria mbili za kimo kimoja. Mdomo wa moja ulikuwa na upana mara mbili ya nyingine.

"Hii ndogo ni mti mwembamba. Hii kubwa ni mti mnene. Jaza kubwa kwa ndogo."

Sabaha alimimina maji mara moja, mara mbili, mara tatu. Sufuria kubwa ilijaa mara ya nne.

"Umeona? Mti ukiwa mnene mara mbili, mbao ni kama mara nne. Huyo atachukua minene yote kwa bei ya myembamba, akuachie fito."

"Sasa nifanyeje?"

Dorotea alivua shingoni futi yake ya kushonea. "Zungushia kila mti hapa, usawa wa kifua. Andika unene wake. Mwambie mnunuzi alipe kwa ujazo wa mti. Tena usisikilize bei ya mtu mmoja. Mimi niliuliza kwa maseremala wa Nachingwea, nikauliza na Ruangwa. Bei hazikulingana. Na sasa hivi mvua inanyesha, malori hayafiki huku, ndiyo maana wanashusha bei. Ngoja barabara ikauke. Kabla ya kukata, nenda kwa ofisa misitu akueleze vibali vya kuvuna na kusafirisha."

Jumamosi Silvanus alifika. Alimkuta Sabaha shambani, futi mkononi.

"Tunapima kila mti," Sabaha alisema.

"Siku zote nanunua kwa mti!"

"Basi kanunue kwingine."

Silvanus alisonya, akaondoka. Usiku ule nyumba ilivuja tena, na Sabaha akakinga maji kwa sufuria. Iliuma, lakini alivumilia.

Barabara ilipokauka, Sabaha na Dorotea waliuza pamoja, wakiwa na vibali. Lori moja lilitoka Ruangwa, likabeba miti ya mashamba yote mawili. Miti ishirini na tano ya Sabaha ilileta zaidi ya milioni mbili. Iliyobaki ilipata nafasi ya kunenepa.

Siku bati lilipopanda, Albina, jirani wa nyuma, alisimama njiani akilitazama. Hakusalimia. Sabaha aliujua mtazamo ule vizuri sana. Alichukua futi, akamfuata.

"Dada, wewe una mitiki?"

"Ninayo arobaini," Albina alijibu kwa mkato.

"Idadi sijakuuliza. Twende tukaipime."