Kiu ya Chombo cha Buluu

Maji ndiyo yaliyomshangaza kwanza. Asubuhi alikijaza chombo hadi shingoni, akapanga mawaridi meupe na majani mapana ya kuyashikilia. Adhuhuri alipopita na ufagio, akakuta ndani pakavu kabisa. Alikiinua, akapapasa kitako akitafuta ufa. Hakuna. Mezani hapakuwa na hata tone.

Alikuwa mpambaji. Mikono yake ilikuwa imepamba kumbi za harusi na mapokezi ya hoteli zisizo na idadi, lakini nyumba yake mwenyewe haikuwa imeona ua tangu alipofariki binti yao, mtoto wao wa pekee. Miezi minane mapazia hayakufunguliwa. Mumewe, mwalimu mstaafu, ambaye zamani ukimuuliza saa anakupa na historia ya saa yenyewe, alikuwa akishinda kwenye kiti chake bila neno. Ndipo hoteli moja ilipokuwa ikitupa vitu vya stoo, na mpambaji akajichukulia chombo cha kauri cha buluu, kipana tumboni, chembamba shingoni. Alijiambia basi, imetosha, nyumba nayo ipate rangi.

Na kweli, wiki haikuisha mume akachangamka. Alijitolea mwenyewe kubadilisha maji, na mke akamshukuru Mungu. Lakini maua ambayo mke alipanga kwenye vikombe vya dirishani yalinyauka siku hiyohiyo, wakati yale ya kwenye chombo cha buluu yalikaa siku kumi na tisa bila kudondosha petali moja. Kisha ikaja harufu ya udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Mpambaji alijua alikoisikia mara ya mwisho, ila hakutaka kukumbuka.

Mume naye akaanza kukauka. Midomo ilimpasuka, ngozi ya mikono ikawa kama karatasi. Kila glasi ya maji aliyopelekewa ilirudi jikoni tupu, na mke akadhani anakunywa.

Alasiri moja alirudi mapema kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, na kabla hajasalimu akamsikia mumewe akiongea kwa sauti ya chini, ile ya kumbembeleza mtoto mwenye homa, akisema kunywa taratibu mwanangu, usipaliwe, na alipochungulia akamwona amepiga magoti mbele ya meza akimimina glasi yake ndani ya chombo, na maji yakishuka kwa mlio wa koo linalomeza, na mawaridi yote yakageuka polepole juu ya mabua yao mpaka yakamwelekea yeye pale mlangoni, na katika shingo ya chombo ikatoka sauti ya binti yao ikisema, "Mama amerudi."

Alishika fremu ya mlango.

"Usipige kelele," mume alinong'ona. "Utamwogopesha."

"Huyo si mwanetu."

"Umejuaje?" Macho yake yalikuwa makavu, hayana hata chozi la kutoa. "Anaomba maji tu. Mtoto wako akikuomba maji, utamnyima?"

Mtaa wa pili aliishi fundi cherehani, mwanamke wa makamo, ambaye watu walimwendea kwa mlango wa nyuma kwa mambo ya majini na mapepo. Alimsikiliza mpambaji huku amebana pini midomoni, kisha akazitema moja moja. Alisema hilo ni jini la kiu. Huingia kwa sauti unayoitamani, humnywa mtu hadi aishe, halafu humgeukia wa pili. Chombo kirudishwe motoni, kwenye tanuri la mfinyanzi, tena mchana huohuo, na akibebe mama mwenyewe.

"Litakuita," alisema. "Usiitike. Ukiitika, umelikaribisha tena."

Fundi alifuatana naye nyumbani, akabaki amemshika mume mkono, kwani mume alikuwa hajiwezi hata kusimama, na mpambaji akatoka amekikumbatia chombo kifuani, akapita kati ya watu wanaonunua mboga na kucheka, hakuna aliyesikia chochote, ila yeye alisikia, mama, nina kiu, nipe kidogo tu, nilowanishe ulimi, maneno yaleyale ya kitandani hospitalini, usiku ule madaktari walipokataza maji kabla ya upasuaji, naye akatii, akamnyima, na mtoto akaingizwa kupasuliwa, hakuamka tena, na sasa sauti ileile ikimwuliza ubavuni mwake, hata leo, mama? hata leo unaninyima? naye akiuma midomo mpaka akaonja damu, akitembea, hajibu, mpaka kwa mfinyanzi, mpaka kwenye mdomo wa tanuri, akakisukuma ndani.

Kilipasuka mara moja. Sauti ilikatikia katikati ya neno mama.

Aliporudi alimkuta mumewe akinywa maji, glasi ya nne, mengine yakimtiririkia kidevuni. Fundi alikuwa amefungua mapazia na kuondoka. Harufu haikuwepo. Mume akaweka glasi chini.

"Njiani," akauliza, "alikuita?"

"Hapana," alisema mpambaji, akaelekea jikoni kumletea maji mengine, asije akamwona uso.