Vidonge vya Saluni

"Mama hajaanguka wala hajagongwa. Alama hii ya mkononi imetoka wapi kama si kwako?"

Aliyefoka ni msusi. Aliyefokewa ni fundi cherehani, mke wa kaka yake, anayeishi na mama huyo, mama mkwe wake.

Fundi akautupa mkasi mezani. "Wifi, namwogesha mama yako, namlisha, namkata kucha. Wewe unakuja Jumapili kwa Jumapili, kisha unaniita mpigaji?"

Mama mkwe aliondoa leso mdomoni. Ilikuwa na damu. "Na fizi zangu je? Nazo amezifinya yeye?"

Jirani yao, nesi, akaingia bila hodi. Kelele zilikuwa zimevuka ukuta. Akaitazama leso, akautazama mkono wa mama.

"Mama, unameza nini zaidi ya ile dawa yako ya kuzuia damu isigande?"

Mama akatoa kichupa chini ya mto. Ndani mlikuwa na vidonge laini vya vitamini E.

"Binti yangu huvitoboa, akawapaka wateja wake wa saluni mafuta yake kwenye nywele. Mimi akaniambia nimeze asubuhi na jioni, nirudie usichana."

Fundi akageuka. "Kumbe!"

"Lakini ni vitamini tu," msusi alisema kwa sauti ndogo. "Vitamini inadhuru?"

"Ikizidi, inadhuru," nesi alijibu. "Vitamini E hulinda mwili usichakae. Ile iliyomo kwenye chakula haina ugomvi na mtu. Lakini vidonge vingi humzibia njia vitamini K, na huyo K ndiye husaidia damu kuganda. Dawa ya mama tayari imempunguza nguvu K, kwa kipimo cha daktari. Wewe ukaongeza mzigo juu ya mzigo. Ndiyo maana fizi zinavuja, na akiguswa tu anavilia damu."

"Basi aache dawa zote?" fundi aliuliza.

"Thubutu! Acheni hivi vya saluni. Dawa ya daktari msiiguse mpaka daktari apime damu. Na mwende sasa hivi, damu haingoji kesho."

Fundi akazima pasi, akatia kichupa mfukoni akamwonyeshe daktari.

"Wifi, nisamehe," msusi alisema. "Nilidhani..."

"Ulidhani! Kuuliza kungekugharimu nini? Utaniomba radhi njiani. Mshike mama."

Msusi akamshika mama mkono, wakatoka.

"Taratibu," fundi alisema mlangoni. "Usije ukamwachia alama."