Baga Isiyo na Chumvi

Mchana wa Jumamosi bucha lilikuwa limejaa pomoni. Mpishi alikuwa ameshashika paja la mwisho la bata mzinga pale mkono mwingine ulipotua juu ya wake, mkono wa mwanamume mwenye kucha safi na shati la samawati lililonyooshwa likanyooka.

"Samahani, dada. Nilidhani ni langu."

"Ulidhani vibaya, kaka."

"Basi tugawane. Wewe upike, mimi nile."

Mpishi alitaka kununa, akajikuta anacheka. Hivyo ndivyo mwanamume yule, fundi saa, alivyopata kiti jikoni kwake. Kila Jumamosi alikuja na paja la bata mzinga, Mpishi akalisaga, akalichanganya na kitunguu, tangawizi na pilipili mbichi, akafinyanga baga.

"Ongeza pilipili, mpenzi," Fundi alikuwa akisema.

"Utawaka moto wewe."

"Niache niwake."

Kisha alikuwa akila na kusema, "Tamu, laazizi." Mpishi aliwapikia wanafunzi mia tatu wa bweni na hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Alilipenda kupita kiasi, na aliyelisema alimpenda zaidi.

Jumamosi moja alivaa gauni jipya la manjano. Fundi alikuwa amesema kwenye simu kwamba ana swali la kumuuliza, na swali lenyewe halikuwa fumbo. Fundi akala baga nzima. "Hii imezipita zote," akasema.

Mpishi akauma yake. Haikuwa na chumvi hata chembe.

Kosa lilikuwa lake. Kule bwenini kazi yake ni kusimamia moto, na chumvi hutiwa na mwenzake mmoja tu, isije ikatiwa mara mbili. Siku hiyo mawazo yalikuwa kwenye swali, mikono ikafuata mazoea ya kazini. Lakini huyu aliyesifu je?

"Haina chumvi," alisema.

Fundi aliacha kujifuta mikono. "Mimi naona iko sawa."

"Kumbe siku zote unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Fundi alichukua koti lake. Swali aliondoka nalo. Mpishi alivua gauni akalia, kwa sababu hakujua tena ni neno lipi la yule bwana lilikuwa la kweli.

Alhamisi alasiri simu iliita.

"Sisikii harufu," Fundi alisema, hata salamu hakutoa. "Tangu nilipougua mwaka juzi. Ladha nayo ilikwenda. Pilipili tu ndiyo naisikia ikichoma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ni mpishi. Niliogopa utaniona sina faida mezani kwako."

"Na sifa zote zile?"

"Nilikuwa nakusifu wewe. Chakula nilikisingizia tu."

Mpishi aliegemea ukuta wa stoo ya unga. Hasira ilikuwepo bado, ila imelegea.

"Njoo Jumamosi. Ukinidanganya tena, hata kidogo, usirudi."

Jumamosi alitia chumvi, akaonja, akaonja tena. Alikata tango la baridi kutoka kwenye friji, akakaanga kitunguu hadi kikakauka, akapasha mkate hadi ukawa mkavu. Pilipili hakuihurumia. Fundi alikula amefumba macho, na Mpishi akasimama na mwiko mkononi, roho juu juu.

"Tango linapoza vizuri. Kitunguu nakisikia kikivunjika. Pilipili imefika masikioni." Akasita. "Nyama imekauka. Umeiacha motoni mno."

Mpishi akauma. Ilikuwa imekauka kweli. Katika kushughulikia chumvi, moto ulimponyoka, yeye mtu wa moto.

"Umekasirika?"

"Nimefurahi, tena sana." Akaketi karibu naye. "Lile swali lako, liulize sasa."

"Utakubali kuolewa na mtu asiyejua chumvi?"

"Nimekubali. Chumvi nitaionja mimi. Wewe uniambie nyama ikikauka."

Fundi akavuta baga ya pili, akauma, akatafuna polepole.

"Na hii nayo imekauka," alisema, akaila yote.