Nzohe Asiyeng'aa Macho

Flashi iliwaka, na macho ya nzohe hayakung'aa.

Walubengo, mpiga picha wa Kisumu, alijua hilo si la kawaida. Mnyama yeyote ukimmulika gizani macho huwaka. Huyu swala wa majimaji alisimama kwenye mafunjo ya Dunga, kando ya ziwa, akimkodolea matundu mawili meusi, wala hakushtuka.

"Oketch," alinong'ona, "umemwona?"

"Piga tu, omera. Usifanye kelele, atatoroka."

Oketch alikuwa rafiki yake wa miaka tisa na mshirika wake studioni. Ndiye aliyemleta huku usiku huo wa mwaka 1988, akidai kuna mteja wa Milimani anayetaka picha za nzohe za kalenda. Walubengo alimwacha mkewe Maximilla, mjamzito wa miezi saba, akaja. Rafiki amekuita, utakataaje?

Mara madebe yakaanza kulia. Nyumba baada ya nyumba, watu waligonga sufuria, mabati na milango. Walubengo alikuwa mtu wa Bungoma, lakini alikuwa ameishi hapa vya kutosha kujua maana yake. Nyawawa, pepo wa ziwani, walikuwa wanapita, na kila nyumba ilikuwa ikiwafukuza waende mbele. Asiyegonga wanaingia kwake.

"Oketch! Tugonge kitu!"

Oketch hakuwa tena kando yake. Kelele za madebe zilizidi kukaribia, nzohe akapiga hatua moja, kisha nyingine, na mafunjo hayakutikisika, harufu ya matope yaliyooza ikapanda mpaka ikamjaa kooni, na pumzi baridi ikamgusa shingoni ilhali mnyama bado yuko mbele yake, mpaka nyuma yake, karibu kabisa, sufuria moja ikagongwa kwa nguvu na sauti ya Oketch ikaita, "Walubengo!"

"Niko hapa!" akaitikia.

Nzohe akatoweka. Kitu kizito kikamkalia mabegani.

Oketch alikuwa analia, sufuria mkononi. "Nisamehe, ndugu yangu. Ni Lornah, mtoto wangu. Mwezi mzima hiyo kitu iko ndani yake. Mganga alisema usiku nyawawa wakipita itatoka kwa umbo la nzohe, na itamwacha kabisa kama mtu mwingine ataitwa jina na aitikie."

"Na ukanichagua mimi?"

"Ni wewe tu ungekuja bila kuuliza."

Maneno hayo yalimuuma Walubengo kuliko ule uzito.

Hakurudi nyumbani. Alijifungia studioni, akaapa kwamba kitu hicho hakitamfikia Maximilla hata kama kitamuua yeye. Siku tatu hakulala. Kila alipofumba macho kilimpumulia sikioni.

Siku ya nne, mchana, mlango ukagongwa.

"Baba, wanasema uko humu. Nimekukosea nini?"

Ni Maximilla. Walubengo alijiziba mdomo kwa mikono miwili asije akamwita. Lakini nyuma ya pazia la studio sauti ikasema, na ilikuwa sauti yake yeye mwenyewe, tamu kabisa, "Maximilla!"

Bado alikuwa na nafasi ya kupiga kelele, "Usijibu!" Neno moja tu. Alikuwa amechoka mno, mabega yakimwaka moto, na hakulisema.

"Niko hapa!" mkewe akaitikia.

Uzito ukamtoka. Walubengo akavuta pumzi ndefu, na aibu iliyoje, alifurahi. Kisha akafungua mlango.

Maximilla alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, uso umempauka.

"Baba," akasema polepole, "mtoto ameacha kucheza."