Sonara Yuko Angani

SAA 12:30 ASUBUHI

Katika chumba cha nyuma cha gereji, Kaka alichora duara mbili kwa chaki juu ya meza. Moja mji wao, nyingine mji anakokwenda sonara. Kati yake mstari: kilomita elfu moja na mia mbili.

Duka la sonara halikuwa na mlinzi. King'ora kilimlilia yeye tu, kwenye simu yake, maana hamwamini binadamu. Simu ikizimwa ndani ya ndege, duka linabaki yatima.

"Anaruka saa mbili, anatua saa tano," Kaka alisema. "Masaa matatu hasikii kitu."

Dereva akakuna kidevu. Ndege gani hiyo inayotambaa hivyo? Kaka akamuuliza yeye amepanda ngapi. Ni Kaka peke yake aliyewahi kuruka, tena njia hiyo hiyo, mara mbili.

Fundi hakuuliza. Kaka ndiye aliyemlea na kumfunza kukata chuma. Neno lake lilikuwa amri. Isitoshe, mawazo yalikuwa nyumbani. Juzi mkewe alimnong'oneza kwamba ana mimba, baada ya miaka saba ya kungoja. Aliapa hii ndiyo kazi ya mwisho. Habari angempa Kaka jioni, mambo yakiisha.

SAA 2:20

Waliingia kwa mlango wa nyuma. Grainda ikaanza kuuma chuma.

SAA 3:50

Sefu ikasalimu amri. Kaka akazoa dhahabu, mifuko miwili.

"Malizia droo za chini. Nampelekea Dereva mzigo. Tuna saa nzima, usipapatike."

Fundi akainama tena, jasho likimtiririka.

SAA 4:12

Alipojinyoosha mgongo ndipo akaziona saa za ukutani, mbili, kila moja na jina la mji chini yake. Ya mji wao ilikuwa nne na dakika kumi na mbili. Ya pili, tano na kumi na mbili. Zote zilikuwa zikitembea.

Saa tano ya kule ndiyo saa nne ya hapa. Safari ni masaa mawili tu, na Kaka alilijua hilo fika.

Kamera ya dari ikakohoa. "Wewe wa grainda," ilisema sauti ya sonara, taratibu. "Nimeshatua. Askari wapo nje."

Fundi akakimbilia mlango wa nyuma. Ulikuwa umefungwa kwa nje. Akampigia Kaka simu.

"Umeniuza, kaka."

"Lazima wapate wa kumshika, watulie. Mimi nina watoto watatu. Wewe huna hata mmoja."

"Mke wangu ana mimba."

Injini ya gari ilisikika, na Kaka akipumua. Huku mbele ya duka, kioo kilikuwa kikivunjwa.

"Hukuniambia," Kaka alisema kwa sauti ya lawama, akakata simu.