Bibi Alikataa Tuombe

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Béatha alimsaidia bibi yake kupeleka uji wa mtama kwenye gereji za mtaa wa Gikondo. Mafundi walikunywa wamesimama, mikono ikinuka mafuta ya magari. Walimwogopa kidogo Bibi Mukandayisenga, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumnyamazisha. Wazazi wa Béatha walifariki akiwa mchanga, hivyo bibi huyo ndiye aliyekuwa mama na baba yake.

Mwaka 1991 bibi alianza kuhema akipanda mlima, na daktari akamwambia kwamba moyo wake umechoka. Jioni ile alitangaza kuwa kesho ataenda benki na binti yake, Athanasie, ili akiba ya mazishi yake na ya shule ya Béatha iwe kwa majina yao wawili. Kisha angeandika wosia na kumteua Athanasie kuwa msimamizi wa mirathi. Béatha alilisikia neno moja tu, wosia. Asubuhi alinyakua kitambulisho cha bibi mezani, akakikumbatia.

"Sikupi," alisema. "Ukiandika mambo hayo, utakufa."

Bibi hakumkaripia. Alimketisha kando yake, akamsimulia siku babu alipofariki. Babu alikuwa ameweka akiba kwa jina lake peke yake, na benki ikaifunga mpaka mahakama iseme mrithi ni nani. Familia ilipita kwa majirani ikiomba mbao za jeneza. Baba yake Béatha, ambaye siku hizo alikuwa mwanafunzi, akaacha shule, wala hakurudi tena.

"Pesa zilikuwepo, nasi tulikuwa tunaomba," alisema bibi. "Aibu ile niliionja mara moja. Sitaionja tena, na wewe hutaionja. Nipe."

Béatha akampa huku machozi yakimtoka, akaomba aende nao.

Huko benki karani aliwatazama, akawaambia wakamlete mwanamume wa familia. Shangazi Athanasie alianza kuinuka. Bibi akamvuta mkono, akamkalisha.

"Hakuna mwanamume aliyenikorogea uji," alisema, na foleni nzima ikasikia. "Pesa ni zangu na kidole ni changu. Kama sheria inanikataza, nionyeshe ilipoandikwa."

Karani alikwenda kumwuliza mkubwa wake. Aliporudi, alileta kidau cha wino, na bibi akatia dole gumba. Kutoka hapo wakaenda kuandikisha wosia.

Jumapili Théoneste, mwana mkubwa wa bibi mwenye duka mtaa wa Remera, alikuja amefura kwa hasira. Alidai kuwa mama yake amejiitia kifo na kumdharau yeye, mtoto wa kwanza. Bibi akamjibu kwamba fungu lake limo katika wosia sawa na la dada yake, na kwamba hatabadilisha hata neno moja. Ndipo Théoneste akamwamuru Béatha atoke nje. Msichana hakusogea.

"Nisamehe, baba mkubwa," alisema. "Yanayosemwa ni maisha yangu. Nitabaki."

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, bibi alifariki usingizini. Kesho yake Athanasie alikwenda benki, akatoa pesa bila kumsubiri mtu. Jeneza lilikuwa zuri, waombolezaji wakala, na hakuna aliyebisha hodi kwa jirani. Théoneste alipotaka Béatha aache shule akauze dukani kwake, Athanasie alimsomea mbele ya ukoo wote wosia uliosema Béatha asome, na Théoneste akarudi dukani peke yake. Sehemu nyingine ya mali ilisubiri mahakama, lakini wao waliisubiri wakiwa wameshiba.

Siku ya kurudi shule Béatha alikwama mlangoni. Alimwuliza shangazi yake kama bibi angekuwa hai iwapo kitambulisho kile kisingetolewa.

"Wosia haukumuua, mwanangu. Moyo ulichoka," alisema Athanasie. "Watu wanaogopa kutaja kifo, halafu kinawakuta watoto wao hawana kitu mkononi. Mtu anapaswa kupanga akiwa hai nani atashika pesa zake, na benki ijue, na ndugu wajue. Hapo wanaobaki huomboleza tu, hawaombi. Bibi yako alikataa tuombe. Nawe ukikua, kataa vivyo hivyo."

Béatha alipangusa uso, akaenda shule.